Pikapu ya Walkiria na Upana wa Chupa Moja

Kuku ndio waliohamishwa kwanza. Walikuwa wakitagia kwenye kiti cha dereva tangu mzee Eleuterio Techera alipofariki, na jogoo wao alikuwa amezoea kuwikia juu ya usukani. Walkiria, binti wa mzee, aliwatoa mmoja mmoja bila kuwarushia kitu, akawapeleka kwenye banda jipya alilolipigilia misumari mwenyewe. Kisha akarudi, akasimama mbele ya pikapu ya baba yake, akajifuta jasho.

"Haya, Bartola," aliiambia. "Likizo imekwisha."

Nilikuwa ng'ambo ya barabara naanika nguo, nikamsikia. Ulikuwa mwezi wa Januari, jua kali, na mji wetu mzima, Paso del Ceibo, ulikuwa umejifungia ndani ukisubiri jioni. Yeye peke yake ndiye aliyekuwa nje, akizungumza na chuma chenye kutu.

Walkiria ni mshonaji. Mashati meupe wanayovaa watoto wetu shuleni, yenye utepe wa buluu shingoni, karibu yote yametoka kwenye cherehani yake. Hajawahi kukata kitambaa kwa kukisia. Hata kama alimpima mtoto jana, leo atamsimamisha tena, atanyoosha mabega yake, atampima upya. Na mezani pake pa kushonea chupa ya chai haikanyagi. Katika nchi ambayo mtu hutembea, hununua mkate, hubishana na hata huenda mazikoni akiwa amebana chupa ya maji moto kwapani na kushika kibuyu cha chai chungu mkononi, sheria hiyo iliwachekesha wengi. Mimi haikunichekesha. Mwanadamu ana mikono miwili, na kazi ya maana huihitaji yote.

Nyuki alirithi kwa baba. Mizinga yenyewe imepangwa nyuma ya nyumba, imepakwa rangi ya manjano, na yeye huijua mmoja mmoja kwa tabia: huu una hasira, huu una uvivu, huu huamka kabla ya jua. Kila mwaka, kiangazi kinapoelekea ukingoni, maua ya huku kwetu hukauka na mikaratusi ya Ulises Pintos, iliyo ng'ambo ya vilima kuelekea baharini, huanza kuchanua. Wafuga nyuki wote huhamishia mizinga yao huko. Pintos humpa kila mmoja sehemu yake chini ya miti, lakini ana siku yake ya mwisho. Asiyefika, sehemu yake hupewa mwingine, na nyuki wake hubaki nyumbani kula asali waliyojiwekea mpaka iishe.

Mizinga ya Walkiria ilikuwa ikisafiri kwa lori la jirani mmoja. Jirani huyo alihamia mjini, lori likaenda naye. Ndipo kaka yake, Artigas, alipotoa shauri lake kwenye chakula cha Mwaka Mpya, mbele ya ukoo mzima.

"Mimi nina lori jipya, dada. Mizinga yako nitaibeba pamoja na yangu. Ila basi tuiunganishe kabisa, iwe kundi moja kwa jina langu. Kwa nini usumbuke? Wewe shona tu mashati yako."

Hakusema kwa ubaya. Artigas ni mtu mkubwa, mwenye sauti kubwa, na hupenda watu kwa namna ya kuwabeba hata wasipotaka kubebwa. Lakini kuna wema unaomvua mtu jina lake, na wema huo mimi siuiti wema.

Walkiria aliweka uma chini. "Nitakwenda na Bartola."

Meza nzima iliangua kicheko.

"Na banda la kuku?" Artigas alisema huku akijifuta machozi. "Utafika na omeleti!"

"Nitafika na mizinga yangu."

"Sawa. Ukifika na banda hilo kabla ya siku ya Pintos kuisha, mizinga ni yako na sitasema tena. Usipofika, ni yangu. Mmesikia wote?"

"Wamesikia," alisema Walkiria, akaomba apewe chumvi.

Milton Larrosa ndiye aliyeitwa kusaidia. Nusu ya mageti ya mji huu yamechomelewa na yeye, na nusu nyingine ameyarekebisha. Ni fundi mzuri, mwenye roho nyeupe, na mdomo wake hufungwa tu anaponyonya chai kwenye bomba la kibuyu. Alikubali kulipwa kwa asali. Alizunguka pikapu, akafungua boneti, akapiga mluzi.

"Bi Walkiria, hii ilitengenezwa mama yangu akiwa anatambaa."

"Na mama yako bado anatembea?"

"Anatembea, na anagomba."

"Basi na hii itatembea."

Injini ilikuwa imeshikana kama imemwagiwa saruji. Milton alitoa plagi, akamimina ndani mchanganyiko wa dizeli na oili, akasema sasa kazi ni kusubiri. Kila asubuhi kabla ya kuketi kwenye cherehani, Walkiria alikwenda kwenye banda la gari, akachomeka mbele yake hendeli ya kuzungushia injini, akaiegemea kwa uzito wake wote. Haikusogea. Alimwagia oili kidogo zaidi, akaenda kushona. Kesho yake vilevile. Sikumwona akiipiga teke, wala sikumsikia akiilaani, na watu huilaani mashine kwa mambo madogo zaidi ya hayo.

Asubuhi moja nilisikia ukelele. Nilivuka barabara nikiwa na sabuni mikononi, nikidhani amevunjika mguu. Nilimkuta ameketi chini, hendeli mapajani, anacheka.

"Imesogea! Ukubwa wa ukucha, lakini imesogea!"

Kuanzia hapo kazi ilipata mbawa. Milton alifumua kabureta, akaosha rejeta iliyokuwa na kiota cha panya, akabadilisha mabomba ya breki yote, maana Walkiria alikataa hata moja la zamani libaki. Mlango wa kushoto ulikuwa umelika chini, wakaukata na kuuwekea bati jipya. Sisi majirani tulipokezana kukwangua kutu. Mvua iliponyesha na rangi haikuweza kupakwa, Walkiria alikaanga mikate ya unga na mafuta ya ng'ombe, kama kila nyumba ya hapa inavyofanya mvua ikinyesha, nasi tukaila kwa mikono yenye vumbi jekundu huku matone yakigonga paa. Siku injini ilipokohoa, ikatoa moshi mweusi, kisha ikashika mlio wake wa taratibu, Milton alimkumbatia Walkiria, akanikumbatia mimi, akakumbatia na boneti, ambayo ilikuwa ya moto.

"Mama wee!"

"Nani alikwambia ukumbatie injini?" Walkiria alimuuliza.

"Upendo, Bi Walkiria! Upendo hauna akili!"

Lililobaki lilikuwa bodi. Ile ya zamani, yenye kuta za mbao, ilikuwa imeoza yote isipokuwa ubao mmoja wa nyuma ambao mzee Eleuterio aliuandika kwa mkono wake, kwa rangi nyeupe: BARTOLA. Walkiria aliuweka kando. Alitaka bodi mpya iwe jukwaa tupu, bapa, lisilo na kuta, ili mizinga ipakiwe kutoka pande zote bila kunyanyuliwa juu, na pembeni liwe na pete za chuma za kufungia mikanda. Alikumbuka kwamba baba yake alipakia safu tano za mizinga, kutoka nyuma ya kichwa cha gari mpaka mwisho wa fremu, bila nafasi kubaki. Basi bodi ingekuwa na urefu huohuo.

Hapa ndipo palipotokea kosa, na sidhani kama lingeweza kutokea kwa watu wengine.

Siku ya kupima, Milton alifika na futi yake ya chuma, chupa kwapani, kibuyu mkononi. Aliisimamisha chupa juu ya fremu, ikiegemea nyuma ya kichwa cha gari, akajaza kibuyu, akampa Walkiria. Kwetu kibuyu ukipewa unakipokea, unanyonya mpaka kikauke, unarudisha, nacho kinajazwa na kurudi tena. Kuna neno moja tu la kusimamisha mzunguko huo, nalo ni asante. Ukisema asante wakati unarudisha, maana yake umetosheka, usipewe tena. Na mtu anayekusaidia kazi akikujazia kibuyu cha kwanza kabisa, kumwambia asante ni kama kumwonyesha mlango.

Walkiria hakusema asante. Alishika kibuyu kwa mkono mmoja, na kwa ule mwingine akashika ncha ya futi.

"Umeshika vizuri?" Milton aliuliza kutoka nyuma ya gari.

"Nimeibana kabisa."

Alikuwa ameibana kweli. Ameibana kwenye chupa.

Milton alisoma namba, akaiandika kwa chaki kwenye bati, akakata chuma. Alichomelea fremu ya bodi, akapiga msasa viungio mpaka vikawa laini kama ukingo wa sahani. Walkiria alichagua mbao ngumu, akazipiga randa mwenyewe, akazipaka mafuta ya kitani mara kadhaa mpaka zikang'aa rangi ya asali. Kila ubao ulifungwa kwa bolti zilizozamishwa, ili mzinga usikwame ukisukumwa. Kichwa cha gari kilipakwa kijani, rangi yake ya zamani. Bodi ilipowekwa, mwisho wake ukalingana na mwisho wa fremu, nyuma ya kichwa ulibaki uwazi.

"Na huo?" niliuliza.

"Kichwa kinahitaji kupumua," Milton alijibu, na hakuna aliyelifikiria tena jambo hilo.

Katika nchi hii, paa la nyumba likimiminwa zege, mwenye nyumba huwachomea mafundi nyama. Milton alishikilia kwamba bodi ya gari ni paa lililolala chini, na kwa hiyo nyama alikuwa anadaiwa kihalali. Walkiria hakubisha. Jumapili moto ulikolezwa uani, mbavu zikatandazwa, majirani wakaja na viti vyao. Artigas alikuja na divai. Siku ya Pintos ilikuwa Jumanne.

"Hebu tuone, dada," Artigas alisema, akizunguka gari na kulipapasa. "Imependeza, siwezi kukataa. Kuku watalia wakiiona."

"Pakieni mizinga mitupu ya akiba," Walkiria alisema. "Nataka kuona safu zinavyokaa."

Tulipakia. Safu ya kwanza, ya pili, ya tatu, ya nne. Safu ya tano ilikataa. Mizinga yake ilining'inia nje ya ukingo kama kiganja kizima, na hakuna mfuga nyuki mwenye akili anayesafirisha mzinga ukiwa unaning'inia kwenye barabara ya vilima.

Mafuta ya nyama yalisikika yakidondoka kwenye makaa.

Milton alipima bodi. Akasoma namba ya chaki. "Namba ndiyo hii hii!" Akapima kutoka kwenye kichwa cha gari, na sura ikambadilika. Aliutazama ule uwazi. Akaichukua chupa yake kutoka kwapani, polepole, akaishusha katikati ya kichwa na bodi. Iliingia kama upanga kwenye ala yake.

Artigas ndiye aliyeanza. Alicheka mpaka akashika mti. "Mmeipima chupa! Jamani, njooni muone, gari la kwanza nchini lenye chumba cha kulala chupa!" Watu wote walicheka, na nikiri kwamba ilikuwa vigumu kutocheka. Lakini kicheko kilipoisha, alijifuta macho akasema kwa sauti ya chini zaidi, "Basi, dada. Kufumua yote hayo ni wiki nzima. Kesho jioni nitakuja na lori. Tulikubaliana."

"Tulikubaliana Jumanne," alisema Walkiria.

"Acha safu moja nyumbani, basi," jirani mmoja alishauri.

"Kwani nyuki wa safu ya tano wamekosa nini?"

Milton alikuwa ameketi juu ya tairi, kichwa mikononi. "Nilaumu mimi, Bi Walkiria. Nitakata kila kitu. Nitafanya kazi bila kula."

"Ncha niliishika mimi," alisema. "Usinibebee kosa langu, Milton. Nala nyama kwanza, halafu nafikiri."

Nilimpenda kwa jibu hilo kuliko kwa kazi yote ya mwezi mzima. Wangapi wangemwachia fundi aibu yote na kubaki safi? Alikula ubavu wake akiliangalia gari, akitafuna taratibu. Halafu akaanza kucheka peke yake.

"Milton, mama akiniletea shati fupi, unadhani nalichana lote?"

"Sijui mambo ya mashati."

"Naunga kipande. Sasa, shati letu limepungua kiasi gani?"

"Chupa moja."

"Na uwazi pale nyuma ya kichwa ni kiasi gani?"

Milton aliinua kichwa. Aliutazama uwazi, akaitazama safu ya tano, akarudi kwenye uwazi. Kilichopungua hakikuwa kimepotea popote. Kilikuwa palepale, mbele, kinasubiri ubao mmoja. Wakijaza uwazi ule, safu zote zingesogea mbele na ya tano ingekaa ndani.

"Lakini mbao zimekwisha," Milton alisema.

Walkiria alikuwa tayari anaelekea bandani. Alirudi na ubao wa baba yake. Ukingo wake wa chini tu ndio ulikuwa umeoza. Akapiga mstari kwa chaki yake ya kushonea, akaushika msumeno, akaukata ule uozo wote mpaka likabaki jina tu na mti mzima. Milton alichomelea vyuma viwili vifupi vya kuubeba, vilivyoacha upenyo wa kidole ili kichwa kipumue kweli. Ubao uliwekwa, bolti zikakazwa. Tukasukuma mizinga mbele. Safu ya tano iliingia, ikakaa, ikanyamaza. Kwenye mbao zote zile za rangi ya asali kulikuwa na ubao mmoja wa kijivu wenye maandishi meupe, na hakuna aliyesema kwamba haulingani.

Artigas aliinama, akasoma jina kwa kidole, herufi baada ya herufi, kama mtoto. Yeye pia alikuwa mwana wa mzee Eleuterio. Kisha alijimiminia divai.

Jumanne alfajiri, milango ya mizinga ikiwa imezibwa na mikanda imekazwa, Bartola alitoka uani. Taa zote ziliwaka, breki zilishika, kila kilichotakiwa na sheria kilikuwepo. Walkiria hakutaka njia ya mkato hata moja. Milton aliketi katikati, mimi dirishani. Kwenye mteremko wa kwanza tuliona taa nyuma yetu. Lilikuwa lori la Artigas lenye mizinga yake. Lingeweza kutupita mara mia. Halikutupita. Kwenye mlima mrefu, Bartola alipopanda kwa mwendo wa ng'ombe aliyeshiba, lori lile lilikaa nyuma yetu likiwasha taa za tahadhari, ili magari ya mbio yasitugonge.

"Anasubiri tuzimike," Milton alinong'ona.

"Anatulinda," alisema Walkiria, akabadilisha gia.

Harufu ya mikaratusi ilitufikia kabla ya miti yenyewe. Ulises Pintos alikuwa langoni, kofia mkononi, akiitazama Bartola kama mtu anayemwona mchumba wake wa zamani.

"Haya, haya! Na hii mizinga ya manjano niihesabu na ya Artigas? Niliambiwa mwaka huu ni kundi moja."

Artigas alikuwa amekwisha kushuka kwenye lori lake. Sote tulimtazama.

"Umeambiwa vibaya," alisema. "Hiyo ni ya Walkiria Techera. Mimi nimeleta yangu tu." Kisha akamgeukia dada yake. "Nilikuwa nasubiri gari likufie njiani nikubebe. Umeninyima raha hiyo, we mwanamke."

"Pole sana, kaka," alisema, akambusu shavuni.

Alifungua milango ya mizinga mmoja baada ya mwingine. Nyuki walitoka kwa kusitasita, wakazunguka juu ya gari la kijani, kisha wakapanda kwenye maua, na msitu wote ukaanza kunguruma. Milton alipiga kelele za shangwe kama uwanjani.

Ilibaki kupima nafasi kati ya mzinga na mzinga, maana Pintos ni mkali kwa jambo hilo. Artigas alikuja na futi mkono mmoja, chupa kwapani, na kibuyu kilichojaa tayari, akamnyooshea dada yake. Kilikuwa cha kwanza cha siku. Kilikuwa cha amani. Walkiria alikipokea, akakinyonya mpaka kikalia, akamrudishia.

"Asante," alisema, akashika ncha ya futi kwa mikono miwili. "Sasa weka hiyo chupa chini."